Dalali wa Matangazo wa Philadelphia

Kazi ya kutangaza bidhaa za watu wengine ina taabu yake ya pekee: mwenye kuifanya hana budi kujitangaza nafsi yake kwanza. Muuza viatu huviweka viatu vyake mbele ya macho ya watu. Dalali wa matangazo ataweka nini? Hana cha kuonyesha ila ahadi. Basi na tutazame jinsi Francis Wayland Ayer, wa mji wa Philadelphia katika Marekani, alivyoitatua taabu hiyo.

Mwaka wa 1869 Ayer alikuwa kijana wa miaka 21, na mtaji wake ulikuwa dola 250. Kabla ya hapo alikuwa akilitafutia matangazo gazeti moja la dini. Nani angemkabidhi fedha zake kijana kama huyo? Akaliita shirika lake N. W. Ayer & Son, yaani N. W. Ayer na Mwanawe, kwa jina la baba yake aliyekuwa mwalimu wa shule. Likasikika kama nyumba kongwe ya biashara, hali lilikuwa la juzi. Wengine watasema hiyo ni hila. Kama ni hila, ni ndogo, maana baba alikuwapo kweli. Wala Ayer hakutaka kuyashika magazeti yote kwa mara moja. Alianza na magazeti 11 tu, yote ya dini, aina aliyokwisha kuizoea.

Lakini udalali wa siku zile ulikuwa na giza. Dalali alinunua nafasi gazetini kwa bei aliyoijua yeye na mwenye gazeti, kisha akamwuzia mfanyabiashara kwa bei yoyote aliyoweza kuipata. Kwa hiyo alivutwa kuyasifu magazeti yaliyompa faida kubwa, hata kama wanunuzi wa bidhaa hawakuyasoma. Tena wenye magazeti wengi walitia chumvi idadi ya nakala zao. Pazia hili la pili lilianza kufunuliwa mwaka ule ule wa 1869, George Rowell alipochapa orodha ya magazeti ya Marekani pamoja na makadirio ya nakala zake.

Pazia la kwanza alilifunua Ayer mwenyewe. Mwaka wa 1876 alifanya mapatano ya namna mpya na Dingee & Conard, wakuzaji wa mawaridi. Mteja ataonyeshwa bei halisi iliyotozwa na gazeti, na dalali atapata ujira uliokubaliwa juu yake, basi. Twaweza kufikiri alivyojinyima: faida ya siri ndiyo iliyowalisha madalali wenzake. Lakini tangu hapo mteja hakuwa na sababu ya kuzunguka kwa madalali kumi akilinganisha bei kwa kila tangazo. Aliweza kukaa na mmoja mwaka mzima, na yule mmoja akawa mtumishi wake yeye, si wa gazeti. Ujira wa asilimia 15 baadaye ukawa desturi ya kazi hiyo kwa miaka mingi.

Mwaka wa 1877 shirika hili dogo likanunua biashara iliyorithi ile ya Volney Palmer, aliyeanza udalali wa matangazo katika mji huo huo kwenye miaka ya 1840.

Kisha, mwaka wa 1879, wakaja watengenezaji wa mashine za kupura nafaka, Nichols & Shepard, wakitaka kujua watangaze wapi. Dalali mwingine angewapa orodha ya magazeti aliyokuwa nayo mezani. Watu wa Ayer walipeleka simu za maandishi kwa maofisa wa serikali za majimbo na kwa wachapishaji wa magazeti nchini kote, wakiuliza: nafaka gani hulimwa kwenu, na kwa kiasi gani? Majibu wakayapanga wilaya kwa wilaya, pamoja na magazeti ya kila mahali. Wenye mashine waliposoma karatasi hizo waliona ramani ya wakulima wao wenyewe, ambayo hawakuwa nayo. Kazi wakampa Ayer. Shirika lake lilidumu mpaka mwaka wa 2002.