HDL Iko Juu, Sawa. Lakini Inafanya Kazi?

Kuna aina ya video imejaa kwa simu zetu siku hizi. Msee anakunywa kitu cha kijani, anainua fomu ya maabara mbele ya kamera, anasema HDL yake imepanda na moyo wake sasa uko salama. Chini hapo watu wanauliza bei. Leo nawapa historia ya hiyo HDL, kwa sababu wengi wetu ndio tunasomea wazazi fomu za hospitali, na namba moja ikieleweka vibaya mtu anaweza kuacha dawa inayomweka hai.

Msingi kwanza. Kolesteroli ni mafuta, na mafuta hayachanganyiki na damu. Mwili unayapakia ndani ya vifurushi vyenye protini ndipo yasafiri. Kifurushi cha LDL kinasambaza kolesteroli mwilini, na kikizidi kinajipenyeza kwenye kuta za mishipa na kujenga utando wa mafuta. Siku utando ukipasuka, damu inaganda juu yake, mshipa unaziba, na sehemu ya moyo inakosa oksijeni. Huo ndio mshtuko wa moyo. HDL nayo inaokota kolesteroli iliyokwama na kuirudisha kwenye ini itolewe. Ndiyo maana ikaitwa kolesteroli nzuri.

Hilo jina zuri lina historia yake. Mwaka 1951, daktari David Barr na wenzake kule New York waligundua kwamba wagonjwa wa moyo walikuwa na kiasi kidogo cha hivi vifurushi kuliko watu wazima wa afya. Karibu hakuna aliyeshtuka. Wakati huo macho yote yalikuwa kwa kolesteroli ya jumla.

Mambo yaligeuka kupitia mji mdogo wa Framingham, jimbo la Massachusetts, Marekani. Tangu 1948 watafiti walikuwa wakifuatilia wakazi 5,209 kuona nani anaugua moyo na kwa nini. Mwaka 1977, timu hiyo, William Castelli akiwa mmoja wao, ilichapisha matokeo: wenye HDL nyingi walipata ugonjwa wa moyo mara chache kuliko wenye HDL kidogo. Baadaye hesabu zikaonyesha kila miligramu moja ya ziada kwa desilita ya damu inaenda sambamba na hatari kushuka kwa asilimia 2 au 3. Shika hilo neno sambamba. Jogoo anawika na jua linachomoza sambamba pia, lakini ukimchinja jogoo kesho kutakucha tu.

Kampuni za dawa hazikungoja. Kama HDL nyingi inaenda na moyo mzima, basi tengeneza dawa ya kupandisha HDL, uza, tajirika. Pfizer ilitumia karibu dola milioni 800 kwa dawa iliyoitwa torcetrapib, ikaijaribu kwa wagonjwa 15,067. Na HDL ilipanda kweli, kwa asilimia 72. LDL pia ikashuka kwa robo. Kwa karatasi, hii ilikuwa dawa ya ndoto.

Desemba 2006 jaribio likasimamishwa ghafla. Waliokuwa wakimeza torcetrapib walikuwa wanakufa zaidi. Hesabu iliyochapishwa mwaka uliofuata ilikuwa vifo 93 upande wa dawa, na 59 upande wa wasioipata. Haki itendeke: dawa hiyo ilikuwa na sumu yake binafsi, ilipandisha presha na kuvuruga homoni ya chumvi. Kwa hivyo watetezi wa HDL walikuwa bado na pa kusimama. Walisema tatizo ni hiyo dawa, wazo lenyewe liko sawa.

Roche ikaja na dalcetrapib, dawa ya familia hiyo hiyo lakini pole zaidi. Waliijaribu kwa wagonjwa 15,871 waliotoka tu kupata mshtuko wa moyo au hali ya karibu na hiyo. HDL ikapanda kwa theluthi moja hivi. Mwaka 2012 jaribio likafungwa: hakuna kilichobadilika. Mshtuko uliendelea kurudi kama kawaida. Mwaka huo huo, watafiti wa jeni waliangalia watu waliozaliwa na jeni inayowapa HDL nyingi maisha yao yote. Kama namba peke yake ingekuwa kinga, hawa wangekuwa na mishtuko michache. Hawakuwa nayo michache. Hapo hoja ikaanguka.

Na kumbe dalili zilikuwepo zamani, kando ya Ziwa Garda, Italia, kwa kijiji kiitwacho Limone. Miaka ya sabini, Cesare Sirtori na wenzake wa Milano walimpima mwanamume wa hapo wakapata HDL yake iko chini kabisa. Kwa kanuni ya Framingham, huyo alistahili kuwa na mishipa mibovu. Lakini alikuwa mzima, na wazee wa ukoo wake walikuwa wameishi miaka mingi. Kijiji kikapimwa, na makumi kadhaa ya watu wakapatikana na hali hiyo hiyo, wote wa uzao mmoja wa karne ya 18. Protini kuu ya HDL yao ilikuwa na mabadiliko kidogo kwa sababu ya jeni. Mwaka 1980 ikapewa jina la mji: ApoA-I Milano. HDL kidogo, mioyo mizima. Yaani kiasi na kazi ni vitu viwili.

Wewe na mimi tunaelewa hili vizuri kuliko hao maprofesa. Kuna akaunti ziko na wafuasi laki mbili, akiweka video wanaitazama watu mia tatu. Wafuasi wako hapo kwa namba, lakini hawafanyi lolote. Miaka yote hiyo maabara zilihesabu wafuasi wa HDL bila kuuliza wangapi wanafanya kazi.

Swali hilo liliulizwa kwa vipimo mwaka 2011, Philadelphia, na timu ya Daniel Rader. Walichukua seli zilizojaa kolesteroli, wakaziweka pamoja na HDL ya watu tofauti, kisha wakapima imetoa kiasi gani. Kumbe watu wawili wenye HDL sawa kwa fomu wanaweza kuwa na HDL zenye nguvu tofauti kabisa. Mwaka 2014, utafiti wa Dallas uliofuatilia watu wazima 2,924 kwa miaka tisa hivi ukaonyesha kwamba robo ya watu wenye HDL inayotoa kolesteroli vizuri zaidi walikuwa na hatari iliyo chini kwa asilimia 67, ukiwalinganisha na robo ya mwisho. Namba ya HDL yenyewe, vitu vingine vikishazingatiwa, haikutabiri chochote.

Sasa mgonjwa wa mshtuko wa moyo. Mwili wake uko kwa hali ya dharura, na moto wa uvimbe unawaka ndani. Ini linamwaga protini za dharura ambazo zinasukuma nje ile protini kuu ya HDL na kukaa mahali pake. Chembe nyeupe za damu nazo zinatoa kimeng'enya kinachounguza protini iliyobaki. Fomu bado itaandika HDL, labda hata 50. Lakini kile kifurushi kilichokuwa kinasafisha na kutuliza mishipa kimekuwa goigoi, na wakati mwingine kinachochea uvimbe wenyewe. Ni kama mlinzi wa geti aliyevaa yunifomu lakini ameungana na wezi. Ukihesabu yunifomu, utasema ulinzi uko.

Ndiyo maana takwimu za hospitali za Marekani hazinishangazi tena. Kati ya watu 136,905 waliolazwa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kuanzia mwaka 2000 hadi 2006, karibu asilimia 45 walikuwa na HDL ya 40 au zaidi. Na juu kabisa mambo yanageuka: utafiti wa Denmark wa mwaka 2017 ulipata kwamba wenye HDL ya kupindukia walikufa zaidi kuliko wale wa katikati.

Labda unafikiri suluhisho ni kuwapa wagonjwa HDL mpya yenye nguvu. Wazo hilo pia limejaribiwa. Wagonjwa zaidi ya 18,000 waliotoka kupata mshtuko wa moyo waliwekewa kwa mshipa ama protini ya HDL ama maji ya kulinganisha, mara moja kwa wiki kwa wiki nne. Protini hiyo ilijulikana kuongeza uwezo wa damu wa kutoa kolesteroli. Matokeo ya 2024: baada ya siku 90, asilimia 4.8 ya waliopewa protini walipata mshtuko mwingine, kiharusi au kifo cha moyo, dhidi ya 5.2 ya wengine. Tofauti ndogo hivyo inaweza kuwa bahati tu. Kwa hivyo hata kazi ya HDL bado haijawa dawa.

Msimamo wangu ni huu. Wanasayansi wenye maabara na mabilioni walidanganywa na namba moja kwa zaidi ya miaka thelathini, wakajisahihisha mbele ya dunia nzima. Sisi tukiendelea kununua chupa ya elfu nne kwa sababu ya namba hiyo hiyo, hatuna kisingizio. Hakuna kinywaji kwenye hizo video kilichopita mtihani ambao torcetrapib ilianguka.

Vitu vilivyopita mitihani ni vya kawaida mpaka vinachosha: kushusha LDL, na statini zinafanya hivyo kwa bei ya chini, kudhibiti presha na sukari, kuacha sigara, kutembeza miguu. Kwa hivyo mzee wako akileta fomu nyumbani akifurahia HDL iko juu, furahi naye kidogo, kisha shukisha kidole hadi kwa mstari wa LDL. Na kama ameshawahi kupata mshtuko wa moyo na anataka kuacha vidonge kwa sababu kolesteroli yake nzuri iko sawa, hapo usinyamaze. Mwambie arudi kwa daktari wake kwanza, hata akikuita mtoto wa juzi.