Elimo Njau: Msanii aliyeipa Biblia mandhari ya Mlima Kenya

Mtu wa Giakanja, Nyeri, akiingia katika Kanisa Kuu la Mtakatifu James mjini Murang'a, hahitaji kuelezwa ni wapi kunakotendeka mambo yaliyochorwa ukutani. Vilima na mabonde yaliyomo ni ya aina ile ile aliyoizoea nyumbani kwao. Kristo mwenyewe ni Mwafrika, nao wanaomzunguka ni watu wa nchi hiyo.

Michoro hiyo mitano ni kazi ya Elimo Njau, aliyeichora mwishoni mwa miaka ya 1950, mji huo ulipokuwa ukiitwa Fort Hall. Inaonyesha kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, maombi ya Gethsemane na kusulubiwa.

Njau alizaliwa mwaka wa 1932 huko Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro, Tanzania. Alisomea sanaa katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, ambako Margaret Trowell alikuwa ameanzisha mafunzo ya uchoraji katika miaka ya 1930. Trowell aliwahimiza wanafunzi wake kuchora maisha waliyoyajua badala ya kuiga picha za Ulaya.

Kazi ya Murang'a haikuwa nyepesi. Kanisa lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau kwa kukataa kula kiapo. Hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 iliendelea hadi Januari 1960. Katika kipindi hicho zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati waliondolewa kwa nguvu katika makao yao na kukusanywa vijijini. Katika nchi ambako ardhi ndiyo iliyokuwa kiini cha ugomvi, na ambako jirani alimshuku jirani, kuchora kilima au kijiji halikuwa jambo la kupamba ukuta tu.

Hapo ndipo ulipo uzito wa mtindo wa Njau. Mandhari yake si pazia lililotundikwa nyuma ya watu, bali ni sehemu ya habari inayosimuliwa. Kwa kuwa mateso ya Kristo yanatokea katika ardhi ile ile iliyomwagikiwa damu, mtazamaji anaweza kuwaombolezea waliofia imani yao bila kusahau machungu ya waliobaki. Vilevile, kumchora Kristo akiwa Mwafrika, wakati wakoloni wangali wanatawala, kulikuwa ni kukanusha dhana kwamba utakatifu una rangi moja.

Mwaka wa 1965, Njau na mkewe, mwandishi Rebeka Njau, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi. Jina hilo linachezea maana mbili za neno "paa": mnyama wa porini, na kuruka juu. Hapo Njau aliwafunza wasanii chipukizi kwamba kuiga kazi ya mwingine ni kukizika kipaji walichojaliwa na Mungu.

Moto uliteketeza sehemu kubwa ya hazina ya jumba hilo mwaka wa 1997. Hasara hiyo iliizidishia thamani michoro ya Murang'a, ambayo haikuwekwa ghalani wala kuuzwa ng'ambo, bali ilibaki ukutani mbele ya waumini.