Ukosefu wa ajira nchini Kenya: Chanzo chake, athari na njia za kuukabili

UKOSEFU wa ajira ni hali ya mtu mwenye umri, afya na nia ya kufanya kazi kukosa kazi ya kumpatia riziki, ilhali anaitafuta na yu tayari kuianza pindi atakapoipata. Vigezo hivi, yaani kutokuwa na kazi, kuwa tayari kwa kazi na kuitafuta, ndivyo vinavyotumiwa na Shirika la Kazi Duniani (ILO) na pia Shirika la Kitaifa la Takwimu nchini (KNBS).

Kwa mujibu wa fasili hii, mwanafunzi aliye chuoni, mzazi aliyeamua kukaa nyumbani kulea wanawe na mzee aliyestaafu hawahesabiwi miongoni mwa wasio na ajira. Wala hahesabiwi kijana aliyesaka kazi kwa miaka mitatu, akachoka, akaacha kuitafuta. Huyu wa mwisho ndiye anayezua utata.

Kadhalika, yeyote aliyefanya kazi ya malipo au ya faida japo kwa saa moja katika juma linalochunguzwa huhesabiwa kuwa ana ajira. Muuza njugu aliyepata wateja wawili Jumatatu na meneja wa benki huingia katika safu moja ya jedwali.

Hapo ndipo takwimu zinapomkanganya mwananchi. Katika robo ya mwisho ya mwaka wa 2022, KNBS ilikadiria kiwango cha ukosefu wa ajira kuwa asilimia 4.9 tu, kiwango ambacho mataifa kadhaa ya Ulaya yangekionea gere. Lakini matokeo ya sensa ya 2019 yalipotolewa, iliripotiwa kwamba zaidi ya vijana milioni 5, miongoni mwa vijana milioni 13.7 wa umri wa miaka 18 hadi 34, hawakuwa na kazi. Hesabu ya kwanza huwaacha nje waliokata tamaa. Hesabu inayomjumlisha kila asiyefanya kazi nayo huwameza hata walio masomoni. Anayetaka kuujua ukweli asiishike moja na kuitupa nyingine.

Kazi ilipowatafuta watu

Ajabu ni kwamba karne moja hivi iliyopita tatizo lilikuwa kinyume. Serikali ya kikoloni haikukosa kazi za kuwapa Waafrika, bali ilikosa Waafrika wa kuzifanya. Watu walikuwa na mashamba na mifugo yao, na hawakuona sababu ya kumtumikia mlowezi kwa ujira duni.

Ndiposa ikaanzishwa kodi ya nyumba mwanzoni mwa karne ya 20, iliyopaswa kulipwa kwa pesa, ili watu walazimike kwenda kuzitafuta pesa hizo katika mashamba ya wazungu. Mnamo 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka uliowataka maafisa wa utawala na machifu kuwahimiza Waafrika watoke kwenda kufanya kazi. Muda mfupi baadaye kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kuvaa kipande, hati iliyoonyesha alikofanya kazi, mwajiri wake na ujira wake. Neno kibarua, tunalolitumia hadi leo kwa kazi ya kutwa, linatokana na barua ndogo aliyopewa mfanyakazi ya kuthibitisha siku alizofanya kazi.

Kufikia uhuru mwaka wa 1963, ardhi ilikuwa imepungua, shule zimeongezeka na mshahara umekuwa tegemeo. Mwaka uliofuata serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mapatano ya pande tatu. Waajiri wa kibinafsi waliahidi kuongeza wafanyakazi wao kwa asilimia 10 na serikali kwa asilimia 15. Wafanyakazi nao wakakubali kutodai nyongeza ya mishahara wala kugoma.

Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Habari za nafasi mpya zilipoenea mashambani, watu walimiminika mijini kwa wingi kuliko nafasi zenyewe. Wanauchumi John Harris na Michael Todaro waliichunguza hali hii, na katika makala yao ya 1970 wakaeleza kwamba mtu haendi mjini kwa sababu ana hakika ya kazi. Huenda kwa sababu anapima mshahara wa mjini dhidi ya uwezekano wa kuupata. Kwa hivyo, kubuni nafasi chache mijini bila kuinua mapato ya mashambani kwaweza kuongeza idadi ya wanaorandaranda bila kazi. Funzo hilo lilitoka Kenya, na Kenya imelisahau mara nyingi.

Mnamo 1972 ujumbe wa ILO ulizuru nchi hii na kutoa ripoti ambayo ingali inatajwa vyuoni kote duniani. Wataalamu hao walisema kwamba tatizo kuu la Kenya halikuwa watu kukaa bure, bali watu kufanya kazi kutwa kucha na kubaki maskini. Waliyaangazia makarakana, vibanda na wachuuzi waliokuwa wakifukuzwa na askari wa manispaa, na tangu hapo msamiati wa sekta isiyo rasmi ukaenea ulimwenguni. Sisi huiita jua kali, kwa sababu mafundi wake walifua vyuma bila paa.

Kwa nini nafasi ni haba

Sababu inayotajwa kwanza ni ongezeko la watu. Sensa ya 1969 ilihesabu watu milioni 10.9, ile ya 2019 ilihesabu milioni 47.6. Mwishoni mwa miaka ya sabini, mwanamke mmoja nchini alitarajiwa kuzaa watoto wanane kwa wastani. Kufikia 2022 wastani huo ulikuwa umeshuka hadi 3.4. Hata hivyo, waliozaliwa kabla ya kushuka huko ndio walio kwenye foleni za kutafuta kazi sasa. Kuwalaumu wazazi wao hakusaidii.

Sababu nzito zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni viwanda. Katika miaka ya sabini na themanini, mkulima wa pamba wa Nyanza au Magharibi aliuza zao lake kwa kinu cha kuchambua pamba, kinu kikauzia kiwanda cha nyuzi na vitambaa, kitambaa kikaenda kwa washonaji. Kisumu ilikuwa na KICOMI, Eldoret ilikuwa na Rivatex, Nanyuki ilikuwa na Mountex. Mnyororo huo mmoja uliwalisha wakulima, wapakiaji, madereva, mafundi wa mitambo, makarani na mama waliouza chai langoni.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, chini ya masharti ya mageuzi ya kiuchumi yaliyosisitizwa na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, masoko yalifunguliwa. Mitumba iliingia kwa marobota. Bodi ya pamba ilikuwa tayari imedhoofika na wakulima walikuwa wakicheleweshewa malipo, kwa hivyo si haki kuitwika mitumba lawama yote. Hata hivyo viwanda vilivyokuwa vikichechemea havikuhimili ushindani huo. Kimoja baada ya kingine vilifunga malango. Kweli, Gikomba na masoko mengine ya mitumba yamewapa maelfu ya watu riziki, lakini mchuuzi wa mitumba hana pensheni, hana likizo ya ugonjwa, wala hamnunulii mkulima wa Busia pamba yake.

Nguo hazikuwa peke yake. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilisimamisha shughuli mwaka wa 2009, na mji mzima uliokitegemea ukanywea. Mwishoni mwa 2017 serikali iliahidi kuinua mchango wa viwanda hadi asilimia 15 ya pato la taifa kufikia 2022. Mwaka huo ulipofika, mchango wenyewe ulikuwa chini ya asilimia 8.

Elimu nayo ina lawama zake. Mfumo wa 8-4-4 ulioanzishwa mwaka wa 1985 ulinuiwa kumpa mwanafunzi ujuzi wa kujitegemea: useremala, ushonaji, ukulima. Karakana zilizohitajika hazikujengwa katika shule nyingi, na mtihani ukawa ndio shabaha. Halafu, wakati nchi ikililia mafundi, vyuo vilivyokuwa vikiwafunza mafundi vilipandishwa hadhi. Kenya Polytechnic jijini Nairobi na Mombasa Polytechnic zote zilikuwa vyuo vikuu kamili kufikia 2013. Katika mwaka uo huo sheria mpya ya mafunzo ya kiufundi ilipitishwa ili kuzijaza pengo zilizoachwa.

Kuna pia ufisadi, ukabila na undugu. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inakataza asasi yoyote ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Kuwepo kwa sheria hiyo ni ungamo tosha la jinsi kazi zilivyokuwa zikigawanywa. Mhitimu asiye na mjomba ofisini hudaiwa uzoefu wa miaka mitano kwa kazi ambayo hakuna aliyekubali kumpa nafasi ya kuianza. Huko ndiko kunakoitwa kutarmaki: kutembea na bahasha ya kaki hadi soli ya kiatu ikaisha kwa lami.

Athari kwa uchumi

Mtu asiye na kipato hanunui. Asiponunua, mwenye duka hapati faida ya kuajiri mhudumu mwingine, na kiwanda hupunguza zamu. Hivyo ukosefu wa ajira huzaa ukosefu mwingine.

Hazina ya taifa nayo huumia. Ripoti ya Hali ya Uchumi iliyochapishwa mwaka wa 2025 ilionyesha kwamba, ukiondoa kilimo kidogo cha mashambani, watu wapatao milioni 20.8 walikuwa na kazi mnamo 2024. Kati yao milioni 17.4 walikuwa katika jua kali na milioni 3.2 hivi pekee ndio walioajiriwa kwa mshahara katika sekta rasmi. Nafasi mpya mwaka huo zilikuwa 782,300, na 703,700 kati yazo zilikuwa za jua kali. Maana yake ni kwamba makato ya mishahara, yawe kodi, bima ya afya au akiba ya uzeeni, hubebwa na mabega machache. Serikali ikitaka pesa zaidi huwarejelea hao hao, na mishahara yao inaponyauka, jamaa wanaowategemea kijijini huhisi mara moja. Ni nadra kukuta mwalimu au muuguzi nchini asiyelipa karo ya mtoto wa nduguye.

Ujuzi usiotumika huota kutu. Mhandisi aliyeendesha bodaboda kwa miaka sita si mhandisi yule aliyefuzu, na gharama ya kumsomesha, iliyotolewa na wazazi na mlipa ushuru, huwa imepotea.

Wengine huondoka. Pesa zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio ng'ambo zilikaribia dola bilioni 5 za Marekani mwaka wa 2024, kuzidi mapato ya majani chai. Pesa hizi zinajenga nyumba na kulipa karo, ila wauguzi wanaokwenda Uingereza wanaacha wadi zenye uhaba, na baadhi ya wasichana waliokwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba wamerudi na majeraha au ndani ya majeneza.

Athari za kisiasa zinajulikana. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, wapatanishi waliuweka ukosefu wa ajira kwa vijana katika Ajenda ya Nne, pamoja na ardhi na umaskini, kama mojawapo ya vyanzo vya kina vya vita hivyo. Na vijana waliojitokeza barabarani kuupinga Mswada wa Fedha mnamo Juni 2024 walikuwa, wengi wao, watoto wadogo wakati ajenda hiyo ikiandikwa.

Njia za kuukabili

Serikali hazijakosa mipango. NARC iliingia mamlakani mwishoni mwa 2002 ikiwa imeahidi nafasi 500,000 kila mwaka. Hazina ya Vijana ilianzishwa mwaka wa 2006, Kazi kwa Vijana 2009, Hazina ya Uwezo 2013, Kazi Mtaani wakati wa janga la korona mwaka wa 2020 na Hustler Fund, yenye mikopo kuanzia Sh500, Novemba 2022.

Kasoro ya mipango hii ni ya aina mbili. Ile ya kufagia na kuzibua mitaro humlisha kijana kwa majuma, kisha bajeti ikiisha anarudi alikotoka. Ile ya mikopo hudhani kwamba kila asiye na kazi ni mfanyabiashara aliyekosa mtaji. Wakopaji kumi wakifungua vibanda kumi vya mboga kwenye barabara moja, wanagawana wateja wale wale.

Lililo na nguvu zaidi ni kuongezea mazao thamani humu nchini. Sehemu kubwa ya majani chai yetu huuzwa kwa jumla kwenye mnada wa Mombasa, kisha huchanganywa na kupakiwa kwingine kwa jina la watu wengine. Kila hatua inayofanyiwa nje ni mshahara uliosafirishwa. Sambamba na hilo, umeme wa bei nafuu kwa viwanda, malipo ya haraka kwa wanaoiuzia serikali bidhaa, na karakana zenye vifaa katika vyuo vya kiufundi vingefanya zaidi ya hazina mpya yenye jina jipya. Jua kali nayo isitazamwe kama aibu ya kuondolewa barabarani: inahitaji paa, maji, umeme na mahali pa kudumu pa kufanyia kazi.

Lakini hatua hizi zina mpangilio wake. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda cha Rivatex mwaka wa 2007, na baada ya mitambo mipya kuwekwa kikafunguliwa rasmi upya Juni 2019. Mitambo ikawa tayari, wafanyakazi wakaitwa, na kilichokosekana kikawa pamba, kwa kuwa wakulima walikuwa wamekwisha kugeukia mazao mengine. Desemba mwaka huo baraza la mawaziri liliidhinisha kilimo cha pamba ya BT, na mbegu zikaanza kupelekwa kwa wakulima mwaka uliofuata.