Nta Ilitangulia: Vyombo vya Kusafishia Asali Unyamwezi

Mashine ya kukamua asali kwa kuizungusha ilionyeshwa hadharani mwaka 1865 mjini Brno na Franz von Hruschka, mwanajeshi mstaafu wa Austria aliyekuwa akifuga nyuki upande wa Venice. Zaidi ya miaka 150 imepita, na sehemu kubwa ya asali inayotoka kwenye miombo ya Tabora haijawahi kuingia ndani ya mashine ya namna hiyo. Jambo hili husemwa mara nyingi kwa sauti ya kulaumu, kana kwamba warina asali wa magharibi mwa Tanzania walilala wenzao wakienda mbele. Lawama hiyo haina msingi. Unyamwezi, eneo hilo la Tabora, palikuwa na vyombo na ufundi wa kusafisha mazao ya nyuki, tena ufundi mkali, ila ulielekezwa kwenye kitu kilicholeta fedha, na kwa muda mrefu kitu hicho kilikuwa nta.

Tuanze na mashine yenyewe. Haiwezi kufanya kazi bila fremu, na mzinga wa fremu zinazotoka na kurudi ulipewa hataza Marekani mwaka 1852 kwa jina la Lorenzo Langstroth. Mfugaji huparua kwa kisu vifuniko vyembamba vya nta, husimamisha fremu ndani ya pipa, huzungusha mkono wa mashine, na asali hurukia ukutani na kuteremka hadi kwenye koki. Sega hubaki zima, likarudishwa mzingani nyuki walijaze tena. Sasa chukua mzinga wa Mnyamwezi: gogo lililochongwa kwa ndani, au gome la mti lililobanduliwa likakunjwa kama bomba, limetundikwa juu ya mti. Masega yameshikamana na dari ya mzinga na hayana ubao wowote wa kuyabeba. Ukiyatia kwenye pipa linalozunguka, yanasambaratika. Juu ya hayo, faida kuu ya uvumbuzi wa Hruschka ni kuwaachia nyuki nta yao, na ambaye nta ndiyo inayomlipia kodi hakuwa na sababu ya kuitamani faida hiyo.

Kwa nini nta? Jibu liko njiani. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Kabla yake mzigo wa kwenda pwani ulibebwa kichwani kwa mamia ya kilomita. Asali ni nzito, humwagika, na ikiwa mbichi huchacha. Nta haiozi, haimwagiki, hukaa miaka, na ng'ambo ilikuwa na wanunuzi wa mishumaa ya kanisani, dawa za kung'arishia samani na mafuta ya kupaka. Ndiyo maana ilikuwamo katika bidhaa zilizosafirishwa nje tangu enzi ya Wajerumani, na wakati wa Waingereza Tanganyika ikahesabiwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa nta duniani. Asali ilibaki nyumbani kuliwa, kutiwa kwenye dawa na kupikiwa pombe.

Tazama basi jinsi nta inavyosafishwa. Masega yakishakamuliwa kwa mkono huoshwa, na maji yake matamu huingia kwenye pombe. Kisha hutiwa kwenye chungu au sufuria pamoja na maji mengi, juu ya moto wa wastani, maana nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, na ikiunguzwa hugeuka nyeusi na kupoteza bei. Mchanganyiko humiminwa ndani ya gunia, watu wawili wakalisokota kwa vijiti kila upande mpaka machicha yabaki makavu. Nta huelea, huganda polepole usiku kucha, na asubuhi bonge hupinduliwa: tumboni pamekusanyika tabaka la kijivu la uchafu, nalo hukwanguliwa kwa kisu. Ikibidi huchemshwa tena. Hatua zote za kiwanda zimo humo, kuyeyusha, kuchuja, kutuamisha na kupima kwa jicho, na vyombo vyake vyote vilipatikana kijijini.

Atasema mtu: sawa, lakini asali yenyewe ilikuwa chafu, ina majana, chavua, majivu na harufu ya moshi. Ni kweli, na ilikuwa hasara kubwa. Lakini uchafu huo uliingia wapi? Uliingia juu ya mti, pale mrinaji alipoufukiza mzinga kwa mwenge wa moto na kukata masega yaliyofunikwa, ya nekta mbichi na ya majana, yote akayatupa katika chombo kimoja. Mashine ya kuzungusha haiondoi harufu ya moshi, wala haipunguzi maji kwenye asali iliyorinwa kabla ya wakati; kiwango kinachokubaliwa kimataifa ni maji yasiyozidi asilimia 20. Debe lililowahi kubeba mafuta ya taa huiachia asali harufu yake, na bati lenye kutu huibadili rangi, kwa kuwa asali ina asidi. Kinachohitajika ni bomba la moshi, ndoo mbili zenye vifuniko, moja ya masega yaliyoiva na nyingine ya mengineyo, kisha chujio la matundu makubwa juu ya kitambaa safi. Baada ya hapo asali iachwe kwenye tangi lenye koki chini, siku mbili tatu mahali penye joto. Mapovu na vipande vya nta hupanda juu vyenyewe, na asali safi huteremshwa kutoka chini. Subira hiyo ndiyo wengi huiruka. Wakaibandika asali motoni ichujike haraka, ikaungua, ikawa nyeusi.

Hoja nzito zaidi ni ya mavuno. Nyuki hula kilo kadhaa za asali ili watengeneze kilo moja ya nta, kwa hiyo anayewarudishia masega hupata asali zaidi. Siipingi, pale penye mizinga ya fremu, mfugaji aliye karibu na mizinga yake na soko la asali linalolipa vizuri. Lakini nyuki wa Afrika huhama kwa urahisi wakisumbuliwa au maua yakiisha, na masega yaliyoachwa huliwa na nondo. Waliobuni mzinga wa viunzi vya juu nchini Kenya miaka ya 1970 walilipima hilo, wakaacha fremu kwa makusudi. Asali yake hukamuliwa kwa kikamulio cha skrubu au huchujwa tu, na nta hubaki mkononi mwa mfugaji.

Leo asali ya chupa imekuwa bidhaa ya dukani na fikra zimegeuka. Vikundi vingi huomba mashine za kuzungusha, na zipo zinazokaa ghalani kwa sababu mizinga ya wanachama bado ni ya magogo. Wakati huohuo wafugaji wapya, waliofundishwa asali peke yake, hukamua masega na kuyatupa. Wanatupa bidhaa ambayo wanunuzi wa nje hawajaacha kuitafuta, na ambayo sufuria, gunia na maji ya kisima vingetosha kuisafisha.