Jina la Msomaji

Hapo zamani mtu aliyenunua gazeti katika njia za New York alitoa sarafu, akapokea gazeti lake, akaenda zake. Mwuzaji hakumwuliza jina, wala hakujua ni habari ipi iliyosomwa na ipi iliyoachwa. Biashara hiyo ilikuwa ndogo, lakini uhuru uliokuwa ndani yake ulikuwa mkubwa.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1962 iliupunguza uhuru huo. Machapisho ya nchi za nje yaliyohesabiwa kuwa propaganda ya Kikomunisti yalizuiwa posta, na mpokeaji alipelekewa kadi airudishe kama aliyataka. Mwaka 1963 Corliss Lamont, mwandishi wa vitabu, alizuiliwa nakala ya Peking Review. Hakuirudisha kadi, alikwenda mahakamani. Posta iliacha kuweka orodha ya wapokeaji tangu Machi 15, 1965, lakini kadi ilibaki. Mei 24 mwaka huo Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria pasipo jaji hata mmoja kupinga. Jaji William Douglas alieleza kuwa mwalimu au mtumishi wa serikali angeogopa kuomba maandishi ambayo serikali imekwisha kuyalaani. Hakuna aliyekatazwa kusoma. Kule kujitaja tu kulitosha kuwa kizuizi.

Januari 1996 The New York Times lilifungua kurasa zake katika intaneti. Wasomaji wa Marekani hawakutozwa fedha, bali walitakiwa kujiandikisha. Jina likachukua mahali pa sarafu. Haja ya gazeti ilikuwa ya kweli, kwani uandishi una gharama, na mtangazaji wa biashara hulipa zaidi ajuapo anasema na nani. Lakini sarafu ikitolewa kazi yake imekwisha. Jina hubaki, nalo laweza kufungamanishwa na kila habari iliyofunguliwa. Wengi walijiandikisha kwa majina ya uongo, na mwaka 2003 ilianzishwa BugMeNot, ambapo watu waliazimana majina na maneno ya siri.

Hukumu ya 1965 haikuwafaa wasomaji hao, kwa sababu Katiba ya Marekani huifunga serikali, haimfungi mwenye gazeti. Walakini orodha haina bwana mmoja: iliyotungwa kwa biashara yaweza kudaiwa na polisi, kuuzwa, au kuibwa. Mwenye gazeti ana haki ya kudai bei ya kazi yake. Lakini msomaji anayetakiwa kulipa kwa jina lake hajui bei hiyo itakwisha kulipwa lini, wala italipwa kwa nani.