Walivyoingia Wenye Minara

Ukiwauliza vijana wenzangu wa hapa Mutuka kampuni za simu zilifikaje kwetu, watakwambia zilikuja kama mvua, jana hazipo, leo zipo. Mimi sikubali. Mambo haya yana tarehe zake na milango yake, na kila mlango kuna mtu aliufungua. Ndugu msomaji, nifuate pole pole.

Mpaka 1993 simu ilikuwa mali ya shirika moja la umma, Posta na Simu. Mwaka huo Bunge likapitisha sheria ya kuligawa, barua kivyake na simu kivyake chini ya TTCL, na ikaundwa Tume ya Mawasiliano yenye uwezo wa kutoa leseni kwa watu binafsi. Ndiyo ilikuwa hewa ya soko huria. Mwaka 1994 Mobitel ikafungua simu ya mkononi, Dar es Salaam kwanza, kwa wenye nazo kwanza. Babati wakati ule bado iko Mkoa wa Arusha (Manyara ilizaliwa 2002), na mtu wa Mutuka mwenye msiba alikwenda mjini posta akapanga foleni.

Vodacom ikaja Agosti 2000, Celtel 2001, nao wakatoka nje ya Dar kwa kasi. Watu husifu minara. Kwangu mimi kilichotufungua ni vocha. Simu ya bili inataka anwani, inataka mshahara wa kila mwezi. Mkulima wa mbaazi hana vyote viwili. Anauza mara moja kwa msimu, baada ya hapo mfuko mkavu. Vocha haimuulizi kitu. Anakwangua siku ya soko, halafu anakaa wiki tatu akipokea tu. Nasi tukawajibu kwa kubip! Mlio mmoja nimefika, miwili nipigie. Kampuni ilileta chombo cha kuuza maneno, sisi tukatengeneza lugha ya bure ndani yake.

Halafu pesa. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007. Jaribio lake la 2005 lilihusu kulipa mikopo, ila watu wakawa wanatumiana fedha, na Safaricom wakawa na akili ya kuwafuata. Aprili 2008 Vodacom wakaileta Tanzania, wakidhani nguo ya jirani itatukaa. Haikutukaa. Ikaenda kwa kusuasua, na sababu haikuwa ushamba wetu kama wengine walivyopenda kusema. Kule Safaricom alikuwa ameshika sehemu kubwa kabisa ya soko. Huku laini zimegawanyika, watu wametawanyika katika nchi pana, mawakala wa kuhesabu. Huduma ilisimama pale mawakala walipojaa, na hapo ndipo ninapotaka wanahistoria wachimbe. Wakala ni nani? Ni mwenye duka la sabuni na chumvi. Floti ni mtaji wake, kibanda chake, hatari ya kuibiwa usiku ni yake. Kampuni inampa kamisheni. Soko jipya la kampuni kubwa lilijengwa kwa akiba za watu wadogo, tena wengi wao kina mama, na majina yao hayamo katika ripoti yoyote ya mwaka.

Hata kutumiana pesa kati ya mtandao na mtandao kulichelewa hadi 2014, Tigo, Airtel na Zantel walipokubaliana. Vodacom, aliyekuwa mkubwa, akaingia 2016. Mkubwa hana haraka ya kufungua geti.

Na vijijini je? Huko hesabu ya faida haikubali, kwa hiyo sheria ya 2006 ikaanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao huchangia kampuni gharama za kujenga mnara pasipo na biashara nono. Yaani soko lingine tulilinunua wenyewe, kisha tukauziwa. Viettel wa Vietnam, kampuni ya jeshi la kule, waliiona nafasi hiyo. Oktoba 2015 wakaanza na Halotel, wakielekea vijijini ambako wenzao walikuwa wakisitasita.

Mwaka 2014 Facebook nao walipita mlango huo huo. Waliungana na Tigo, kurasa zao zikafunguka bure, kwa Kiswahili. India walipopelekewa mpango wa namna hiyo waliukataa Februari 2016, wakisema mwenye bure yake anachagua pia nini usikione. Sisi tulishangilia Kiswahili. Nami nilifurahi, sikatai, lugha yetu si mara nyingi inafuatwa na matajiri.

Julai 2021 ikaja tozo ya serikali juu ya miamala. Bibi yangu, ambaye alikuwa ameshazoea kupokea hela kwa simu, akaniambia, "Mjukuu wangu, mpe kondakta." Nikampa kondakta wa basi, bahasha imebandikwa gundi, kama enzi zile za posta. Septemba tozo ikapunguzwa, bibi akarudi kwenye simu, lakini namba ya kondakta anayo mpaka leo.

Mobitel ikawa Buzz, ikawa Tigo, na 2024 ikawa Yas. Celtel ikawa Zain, ikawa Airtel. Mama mmoja mwenye kibanda njiani kwetu amelipaka rangi ubao wake mara nyingi kiasi kwamba rangi ya zamani inachungulia pembeni, na wateja wakifika bado wanamwomba, "Mama, niwekee ya tigo."