Ishara Isiyo Herufi: Kutoka Simu ya Upepo hadi Kioo cha Kompyuta

Mwezi wa Juni 1915 majeshi ya Waingereza yalivuka ziwa kutoka Kisumu, yakauteka mji wa Bukoba na kukibomoa kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Rubafu iko kwenye mwambao huohuo, kaskazini ya mji. Kazi ya vituo vya namna ile inatufunza jambo la istilahi.

Katika kanuni za kimataifa za Morse, mpiga simu aliyekosea hupiga nukta nane. Mpokeaji haziandiki, huzitii tu, akalifuta neno lililokosewa. Mwaka 1901 Donald Murray aliingiza ishara za amri katika mashine za kuchapa kwa waya: moja ya kurudi mwanzo wa mstari, nyingine ya kusogeza karatasi. Orodha ya misimbo ya ASCII ya 1963 ilizirithi. Vioo vya VT100 vya 1978 vikaeneza mifuatano inayoanza na msimbo 27, ambayo baadaye ilitumika hata kutia rangi.

Sasa tutazame mwaliko, yaani maneno ambayo kompyuta huyatanguliza ili mtumiaji aandike amri. Mwalimu akiweka mwaliko «Rubafu>» na nafasi moja, ametumia nafasi 8. Akiutia rangi ya kijani, ataongeza ishara 5 mbele na 4 nyuma, zisizoonekana kamwe. Programu isiyoelezwa huhesabu 17. Katika kioo cha nafasi 80 hudhani mstari umejaa baada ya herufi 63, ilhali zingeenea 72. Maandishi hupandana, na kufuta huacha mabaki.

Dawa yake ni kuzizungushia uzio ishara hizo. Maktaba ya Readline hutaka msimbo 1 mbele yake na msimbo 2 nyuma. Katika Bash huandikwa \[ na \]. Kilichomo ndani ya uzio hutiiwa, hakihesabiwi.

Wafasiri wengine huziita ishara hizi «herufi za udhibiti». Jina hilo lapotosha, kwani herufi huandikwa na kuhesabiwa. Mwanafunzi aliyefunzwa hivyo atarudia kosa lilelile la programu. Twapendekeza «ishara ya amri». Mpokeaji wa simu aliijua tofauti hiyo; istilahi zetu nazo ziihifadhi.